REAPER na OSARA: nimepunguza kuazima macho

Sioni, kwa hiyo miaka minne nimerekodi muziki kwa macho ya kuazima. Mimi nasema "kata hapo, shusha besi," mdogo wangu anaburuza mausi. Akienda shule, kazi imelala. Programu niliyokuwa nayo ilichorwa yote kama picha. NVDA, kisoma skrini kinachonisomea kompyuta kwa sauti, ikifika pale inataja jina la dirisha, kisha kimya.

Jamaa ninayepiga naye kinanda kwenye harusi ndiye aliyenisukuma kwenye REAPER, programu ya kurekodi na kuhariri muziki. Yenyewe tupu haisemi mengi. Inayoipa mdomo ni OSARA, nyongeza ya bure iliyoanzishwa na James Teh, mmoja wa wale Waaustralia wawili wasioona waliojenga NVDA. Ukiwa unaiweka, itakuuliza kama uchukue mpangilio wake wa vitufe. Kubali. Mimi nilikataa kwa ubishi, nikapoteza wiki nzima.

Sasa mshale wa juu na wa chini unanipitisha treki kwa treki (kila treki ni njia ya sauti moja, kama zumari au mwimbaji) huku nikisikia majina. F5 inazima sauti ya treki, F6 inaiacha isikike peke yake, F7 inaiandaa kurekodi. Ukisahau, bonyeza F12, kisha gusa kitufe chochote utaambiwa kazi yake. Ila kilichonifurahisha zaidi ni Peak Watcher: naiwekea kiwango, sauti ikipita hapo inanitaarifu. Zamani nilisubiri dogo apige kelele, "nyekundu hiyo!"

Majina ya treki nimeyaandika kwa Kiswahili, na NVDA yangu inasoma kwa sauti ya Kiingereza, kwa hiyo "zumari" linatoka kama jina la dawa. Nimezoea.

Vaeni hedifoni. Siku ya kwanza nilirekodi kaswida spika za laptopu zikiwa wazi. Tuliporudia kusikiliza, kiongozi wa kikundi akauliza, "Kaka, huyu Mzungu anayeongea nyuma ni nani?" Ilikuwa NVDA, imeingia kwenye maiki katikati ya ubeti. Pia kuna draiva za ASIO (zinazounganisha programu ya muziki na kadi ya sauti) zinazoiteka kadi hiyo mpaka kisoma skrini kinanyamaza. Mimi NVDA nimeipeleka kwenye kadi ya ndani, muziki kwenye kadi ya nje.

Bei: unaijaribu siku 60, halafu leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Kwangu hizo ni harusi mbili, na sijuti.

Shida iliyobaki ni plagini, yaani vijiprogramu vya kurekebisha sauti ndani ya REAPER, zilizotengenezwa na watu wengine. ReaEQ (ya kupandisha na kushusha besi na sauti za juu) na ReaComp (ya kubana sauti isirukeruke) zinakuja na REAPER yenyewe. Nabonyeza P, vipimo vyote vinajipanga kwenye orodha, nabadilisha kwa mishale. Lakini kuna plagini ya mwangwi niliyonunua kwa hela yangu, orodha yake inasomeka "Param 1, Param 2" mpaka zaidi ya 40, bila jina hata moja. Niliwaandikia waliotengeneza, mwezi wa tatu huu sijajibiwa. Nikitaka kuigusa hiyo, namsubiri mdogo wangu atoke shule.