Dawa ya shubiri ya chupa kwenye minada ya Dodoma: ipake, usinyweshe

Kwenye minada ya mifugo Dodoma, Msalato ukiwemo, shubiri huuzwa ikiwa imejazwa kwenye chupa za maji za nusu lita. Husifiwa kwa kazi mbili: kupaka vidonda vya punda na mbuzi, na kuchanganywa kwenye maji ya kuku ili wakue haraka na wasipate kideri. Kazi ya kwanza inaiweza, ikitengenezwa vizuri. Ya pili haiiwezi.

Jani la shubiri lina vitu viwili vinavyopingana. Katikati kuna ute usio na rangi wenye asemanani, aina ya wanga, inayoamsha seli za fibroblasti. Seli hizo ndizo zinazotengeneza kolajeni, protini inayoshikilia ngozi, na ndipo kidonda kinapojaa nyama mpya. Chini ya ganda kuna utomvu wa njano, mchungu, wenye aloini. Huo unachoma kidonda kibichi, na mnyama akiunywa anaharisha.

Kwa hiyo kagua chupa kabla ya kutoa hela. Ikiwa ya kahawia, ama jani zima limesagwa na ganda lake ama dawa imekaa juani. Mimina tone kidoleni: ute mzuri unateleza na kuvutika. Ukiwa mwepesi kama maji, asemanani imeshavunjika, na kwa joto la Dodoma hilo halichukui siku nyingi.

Afadhali ukate jani bichi mwenyewe. Lisimamishe kwenye kopo, sehemu iliyokatwa ikiwa chini, kwa nusu saa hadi utomvu wa njano uchuruzike. Menya, suuza ute, tumia siku hiyo hiyo. Shubiri mwitu ya porini ina utomvu mwingi, usiharakishe hatua hii.

Kwa punda aliyechubuliwa na matandiko, nyoa manyoya pembeni, osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa (kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita), kausha, kisha paka safu nyembamba asubuhi na jioni. Matandiko yasirudi mgongoni mpaka pamepona. Tundu refu la msumari au mwiba usilipake kabisa: ngozi itafunga juu, usaha ubaki ndani, na pepopunda hustawi palipokosa hewa. Hapo mwite afisa mifugo. Kidonda chenye funza nacho kinataka dawa ya funza kwanza.

Kuhusu kunywesha, seli za utumbo zinaweza kukua kupita kiasi. Katika utafiti wa miaka 2 wa National Toxicology Program ya Marekani, mpango wa serikali wa kuchunguza sumu, panya walionyweshwa dondoo la jani zima kwa asilimia 1 na 1.5 ya maji yao walipata uvimbe wa utumbo mpana, na IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, imeliweka dondoo hilo kundi 2B, yaani huenda linasababisha saratani kwa binadamu. Kuku hawafugwi muda huo, lakini kuku anayeharisha hanenepi. Kideri kina chanjo ya I-2, tone moja jichoni kila baada ya miezi 3. Ulizia kwenye maduka ya pembejeo za mifugo.