Kanzidata ya migogoro ya Uppsala: inafaa kwa maswali gani?

Kwa anayetaka kuchunguza kama vita vina utaratibu wowote katika wakati wa kuzuka na ukali wake, kanzidata ya migogoro ya Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Haina malipo, na faili lake la matukio linaanzia mwaka 1989.

Ubora wake mkubwa ni kutoficha mipaka ya ushahidi. Kila tukio lina makadirio matatu ya vifo, yaani ya chini, ya juu na yanayoaminika zaidi. Raia wametenganishwa na wapiganaji, jambo ninalolithamini sana kwa kuwa kila mstari ni watu waliouawa. Ipo pia safu ya usahihi wa tarehe: 1 ikiwa siku yenyewe inajulikana, hadi 5 ikiwa kipindi kinachotajwa kinazidi mwezi. Safu hiyo isipuuzwe hata kidogo. Anayepima muda unaopita kati ya shambulio na shambulio huko Ituri au Kivu, huku akichanganya tarehe za aina zote, atakuwa anapima namna habari zilivyoripotiwa, wala si mwenendo wa mapigano.

Kuhusu ukali, ukiyapanga matukio kwa idadi ya vifo utakutana na sura ileile aliyoieleza Lewis Fry Richardson, mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza aliyehudumu katika magari ya wagonjwa Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia: madogo ni mengi mno, makubwa ni machache, lakini hayo machache ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya vifo. Ndiyo maana sishauri kutegemea wastani, kwani mwaka 1994 peke yake, wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda, unatosha kuupindua.

Upungufu upo. Mgogoro usiofikisha vifo 25 katika mwaka wowote hauingizwi. Tena, kipindi ni kifupi mno kwa anayetaka kudai kwamba vita vinapungua duniani: mwaka 2018 mtafiti Aaron Clauset, akitumia vita baina ya mataifa vya 1823 hadi 2003, alikadiria kwamba utulivu uliofuata Vita vya Pili vya Dunia ungehitaji kudumu miaka 100 hadi 140 zaidi ndipo uhesabiwe kuwa mabadiliko ya kweli. Kwa swali hilo itabidi kutumia orodha ya vita ya mradi wa Correlates of War, inayoanzia mwaka 1816, ingawa yenyewe huanza kuhesabu kwenye vifo 1,000.