Ruta ya fayawoli kwa ofisi ndogo: ipi ununue?

Ruta uliyopewa na kampuni ya intaneti inatosha nyumbani. Ofisini, penye hesabu za wateja, kamera, printa na wageni wanaoomba intaneti, haitoshi. Hapo unahitaji ruta yenye fayawoli, yaani kinga inayochuja kinachoingia na kutoka kwenye mtandao wako. Hapa nazungumzia ruta za kebo pekee, zisizorusha Wi-Fi. Nazipendelea kwa sababu teknolojia ya Wi-Fi hubadilika haraka. Vikiwa vifaa viwili tofauti, siku ukibadilisha Wi-Fi, kanuni zako za ulinzi hazitaguswa.

Wanunuzi wengi huvutwa na ile namba kubwa ya kasi. Mara nyingi hiyo ni kasi ya kupitisha data bila kuikagua kwa undani. Tazama FortiGate 40F, ambayo watengenezaji wake, Fortinet, wameianika vizuri kwenye jedwali lao: gigabiti 5 kwa sekunde kwa fayawoli ya kawaida, gigabiti 1 ukiwasha kinga ya uvamizi, na megabiti 600 ukiwasha ulinzi kamili dhidi ya vitisho. Kifaa ni kilekile, kazi ndiyo imeongezeka, maana prosesa sasa inalazimika kufungua na kusoma kinachopita. Kwa hiyo muulize muuzaji swali moja: kasi ni ngapi ulinzi ukiwa umewashwa? Linganisha jibu na laini unayolipia. Mwenye laini ya megabiti 100 hana sababu ya kuumiza kichwa. Mwenye gigabiti nzima anayo.

Lakini kwangu mimi, kasi inakuja nyuma ya masasisho. Fayawoli isiyosasishwa ni mlango ambao funguo zake zimeshasambaa. Januari 2023 Cisco ilitangaza dosari kubwa katika ruta zake za RV016, RV042, RV042G na RV082, modeli zilizowahi kujaa kwenye ofisi ndogo, na ikasema haitazitengenezea kiraka, yaani sasisho la kuiziba, kwa kuwa muda wake umekwisha. Ukiletewa mojawapo kama mtumba, kataa hata ya bure.

Sasa nazipanga, nikiwa na ofisi ya watu 5 hadi 20 akilini, isiyo na fundi wa mtandao wa kudumu.

Ya kwanza ni TP-Link ER605. Ina poti 5 za gigabiti, na baadhi unaweza kuzigeuza ziwe za kupokea intaneti, hivyo laini moja ikikatika nyingine inashika. Inagawa mtandao kwa VLAN (mitandao iliyotengwa ndani ya kifaa kimoja), ina VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali), na mtu asiye fundi anaweza kuielewa ndani ya siku moja. Ukaguzi wake haufikii ule wa FortiGate. Nakubali upungufu huo, kwa sababu fayawoli rahisi iliyopangwa sawasawa ni bora kuliko yenye nguvu isiyoeleweka na mtu yeyote ofisini.

Ya pili ni kompyuta ndogo yenye kadi mbili za mtandao, iliyowekewa OPNsense, ambayo ni programu ya fayawoli, au kifaa cha Netgate kinachokuja na pfSense, programu ya aina hiyohiyo, tayari. Kama kuna mtu ofisini anayependa kazi hii, basi ipande iwe ya kwanza bila mjadala. OPNsense ilichipuka kutoka pfSense, na toleo lake la kwanza lilitoka Januari 2015. Ni bure, msimbo wake uko wazi, na hutoa matoleo makubwa mawili kila mwaka. Kompyuta ikichakaa, unahamishia mipangilio kwenye nyingine na maisha yanaendelea. Hakikisha tu prosesa ina AES-NI, uwezo wa kufumba data kwa haraka, la sivyo VPN itakokota miguu.

MikroTik hEX naiweka ya tatu, na naiweka hapo kwa masikitiko, kwani kwa ukubwa wake hakuna inayofanya mengi hivyo. Tatizo ni kwamba RouterOS, programu inayoiendesha, inakuruhusu kufanya kila kitu, pamoja na kujifungulia mlango bila kujua. Mwaka 2018 dosari ya Winbox, zana ya kuisimamia ruta hiyo kutoka kwenye kompyuta, ilizibwa Aprili, lakini miezi kadhaa baadaye ruta nyingi zilikuwa bado zinatekwa kwa sababu wenyewe hawakusasisha. Ukiinunua, zuia Winbox isifikiwe kutoka intaneti, na usizifute kanuni za fayawoli zinazokuja nayo.

FortiGate 40F ni ya nne kwa suala la leseni tu. Usajili ukiisha, kifaa kitaendelea kufanya kazi, ila orodha za vitisho hazitasasishwa, na hizo ndizo ulizofuata. Kama unashika taarifa za wagonjwa au fedha za watu, ichukue, na uweke leseni kwenye bajeti ya kila mwaka.

Yoyote utakayochagua, iombe kampuni ya intaneti iweke modemu yao katika hali ya briji, yaani ipitishe tu intaneti na kazi ya ruta iachiwe kifaa chako, ili anwani zisitafsiriwe mara mbili na kuisumbua VPN. Kamera na wageni wape VLAN zao, mbali na kompyuta za hesabu.

Na kabla hujalipa, fungua ukurasa wa modeli hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji, uone sasisho la mwisho lilitoka lini. Angalia pia toleo la maunzi kwenye lebo ya chini: ER605, kwa mfano, ina zaidi ya moja, na programu ya toleo moja haifai kuwekwa kwenye jingine.