TAHADHARI: Kuna muuza vitabu vya kale anazunguka Mtwara na Lindi

Wakuu, habari zenu. Kuna jamaa anapita Mtwara mjini, Mikindani na Lindi akiuza vitabu vya safari vya zamani, vile vyenye majalada ya nakshi za dhahabu. Jina silitaji hapa, ila mtindo wake mtautambua. Anadai vitabu ni urithi wa marehemu babu yake aliyefanya kazi kwa wamisionari. Picha anazotuma ni za jalada tu. Na nusu ya hela itangulie kwa simu, maana "kuna Mzungu Dar anavisubiri".

Mzigo wake mkubwa ni shajara za mwisho za Livingstone, juzuu mbili, London 1874. Hapo kajua kuchagua. Livingstone alipita Mikindani mwaka 1866 mwanzoni mwa safari inayosimuliwa humo, kwa hiyo mkusanyaji wa huku akisikia tu moyo unamwenda mbio. Jirani yangu alishatanguliza laki nne. Mzigo ulipofika stendi akaniita tuukague.

Jalada ni la kale kweli, na hapo ndipo watu wanapoliwa. Kitambaa kimelika kwenye kona, dhahabu ya mgongoni imefifia pale vidole vinaposhika. Lakini tumbo, yaani kurasa za ndani, si lake. Nilikifungua katikati nikakuta gundi nyeupe ya juzi juzi, uzi hakuna, wakati kitabu cha aina hiyo hushonwa kwa uzi, fungu kwa fungu la karatasi zilizokunjwa. Karatasi imepakwa chai: pembeni kahawia, ukiipanua hadi ndani nyeupe pee. Nikaweka lenzi juu ya picha. Picha za toleo la 1874 zilichongwa kwenye mbao, wino wake ni mistari mizima. Hizi zilikuwa nukta nukta za mashine. Ramani ndiyo haipo kabisa. Kurasa halisi zilikokwenda sijui, ila jamaa huyo huyo anauza picha moja moja zikiwa kwenye fremu, jumlisheni wenyewe.

Sasa anatangaza kitabu cha Karl Weule, mtafiti Mjerumani wa mila za watu, Leipzig 1908, kuhusu safari yake ya Lindi, Masasi na Newala. Kwa hicho nukta si hoja, picha zake nyingi ni za kamera, nazo hata enzi hizo zilichapwa kwa nukta. Tazameni mshono na karatasi, kisha hesabuni picha kwa kufuata orodha iliyomo kitabuni. Mwambieni arekodi video akikifungua katikati na kwenye ukurasa wa jina. Mimi nilimwomba, akanibloku.

Namba aliyopokelea hela ya jirani haipatikani tena, anatumia nyingine. Kama umeshanunua, usimrudishie kitabu hata akikuahidi kukubadilishia. Hicho ndicho kielelezo. Meseji za muamala msifute. Njooni inbox tukusanye tuliyonayo, twende kituoni pamoja.