Walituita usiku, wakaturudisha alfajiri: uzoefu wangu na kitengo cha kupandikiza mapafu

Hospitali siitaji jina. Iko Marekani, ni kubwa, na pale kwenye lifti wamebandika bango la idadi ya watu waliowapandikiza mapafu. Kila nikilipita roho inaniuma.

Mume wangu mapafu yake yalikuwa yamejaa makovu. Mtungi wa oksijeni alikwenda nao mpaka msalani. Usiku mmoja wa baridi kali, nadhani mwaka juzi, simu ikalia: mapafu yamepatikana, njooni, asile wala asinywe kitu. Saa tatu barabarani, theluji inaanguka. Tulipofika akaogeshwa kwa sabuni ya dawa, akanyolewa kifua, akawekewa mipira ya dripu. Ndugu wakapiga simu kutoka Tanga, wako kwenye dua. Nikamshika mkono nikijua huenda ndiyo mara ya mwisho.

Alfajiri mlango ukafunguliwa nusu. Kijana mmoja, sijui daktari sijui nani, mkono bado uko kwenye kitasa: "Mapafu hayafai. Mnaweza kwenda nyumbani." Akaurudisha mlango. Basi! Hakuingia, hakukaa, hata pole hakutoa. Mume wangu akavaa shati lake juu ya kifua kilichonyolewa, mimi nikaenda kulipia maegesho.

Ningeandika siku ile ningesema msikanyage pale.

Lakini haki isemwe. Baadaye sana muuguzi mmoja mtu mzima alituketisha akatueleza. Mtu akifia kwenye mashine ya kupumulia, mapafu huharibika upesi: yanaingia maji, yanapata maambukizi. Daktari huyafuata yaliko, huyachungulia kwa kamera, na anaweza kuyakataa hata mgonjwa akiwa tayari. Kwenye barafu yanahimili kama saa sita tu. Mgonjwa wa kwanza kupandikizwa pafu, kule Mississippi mwaka 1963, aliishi siku 18. Siku hizi Marekani karibu tisa kati ya kumi wanamaliza mwaka, na ugumu huo wa kuchagua umechangia. Miaka mitano wanaifikisha zaidi kidogo ya nusu, kwa sababu mwili hauachi kuyapiga vita mapafu ya mtu mwingine. Hilo nalo hakutuficha, na nilimpenda kwa hilo.

Kwa hiyo aliyeyakataa mapafu yale huenda ndiye aliyemwokoa mume wangu. Walituita tena, safari hiyo yakafaa. Sasa mwaka umepita. Anapanda ngazi bila mtungi, dawa anameza kwa saa, na kila asubuhi anapuliza kile kifaa cha kupimia pumzi nami nasubiri namba. Wapasuaji nawapa nyota tano, na ningempeleka kwao hata mwanangu.

Nikimkumbuka yule wa mlangoni, natamani kuzishusha ziwe tatu. Kuvuta kiti kungemgharimu dakika ngapi?

Mume wangu huniambia, "Mama Neema, yaache hayo, mimi si napumua?" Kweli anapumua. Lakini tukienda kliniki, mlango ule bado naupita nikitazama upande wa pili.