Prime95: programu ya bure ya kusaka namba tasa kubwa, nyota 4 kati ya 5

Wapenzi wa hesabu hii kitu ni tamu sana aisee. Prime95 ni programu ya bure ya GIMPS, mradi wa watu wanaojitolea kompyuta zao, ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996, kazi yake ni kusaka namba tasa za Mersenne, yani zile za 2^p − 1. Unaidaunilodi, unafungua akaunti, seva inakupangia kipeo chako, yani hiyo p, halafu mashine inapiga mzigo we unaendelea na mambo yako.

Mpaka sasa kubwa kuliko zote ni 2^136279841 − 1, aliipata Luke Durant Oktoba 2024, ina tarakimu 41,024,320 wakati ile ya 2018 ilikua na 24,862,048. Ukiiandika kwa baineri, yani kwa tarakimu 0 na 1 tu, ni 1 tupu mwanzo mwisho, hamna sifuri hata moja! Na ukiizidisha kwa 2^136279840 unapata namba kamilifu, yani ukijumlisha vigawanyo vyake vyote ukaiacha yenyewe unapata namba ileile, kama 6 ambayo ni 1+2+3.

Ila kilichoniteka mimi ni kipimo cha Lucas-Lehmer kinachoonyesha kama namba ya 2^p − 1 ni tasa, chukua karatasi ujaribu na 31 ambayo ni 2^5 − 1. Anza na 4, zidisha kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa 31 ubaki na baki, unapata 14, rudia tena unapata 8, rudia tena 0. Hatua tatu, yani p toa 2, ukitua kwenye sifuri hapo ni tasa hakuna ubishi. Jaribu na 2^11 − 1 utaona haitui, maana 2047 ni 23 × 89 japo 11 yenyewe ni tasa. Sasa fikiria hatua hizo milioni 136 na namba ya tarakimu milioni 41 kila hatua. Siku hizi programu inaanza na kipimo cha Fermat kinachojikagua makosa njiani, kikionyesha dalili kwamba ni tasa ndo Lucas-Lehmer inakuja kuthibitisha.

Nyota moja naitoa kwa muonekano, madirisha ya kizamani na menyu zimejaa maneno ambayo mgeni hayaelewi. Joto pia lipo, inatumia prosesa mpaka mwisho ndo maana mafundi wanapimia nayo kama mashine inahimili, kwa hiyo wa laptopu punguzeni kori (viini vya prosesa) inazotumia na mzime isifanye kazi kwenye betri. Umeme ukikatika usiwe na presha, inasevu yenyewe kila baada ya muda na inaendelea ilipoishia.

Kama unafuata hela tu acha, kuna dola 3,000 za GIMPS kwa atakayepata mpya lakini ushindani ni mkali, Durant alikodi GPU (prosesa za picha zenye nguvu) kwenye nchi 17. Mwenye mashine dhaifu aombe kazi ndogo za kutafuta vigawanyo, zinaisha haraka na jina lako linaingia kwenye matokeo vilevile.