Dogo wa kuosha mbwa Mwanga, Kigoma: elfu kumi yake halali, ila marashi abaki nayo

Wakuu wa Kigoma mnaofuga mbwa, kuna dogo huku Mwanga anapita majumbani anaosha mbwa, jina silitaji maana sijamuomba ruhusa ila ukiulizia pale sokoni kwa wauza dawa za mifugo utaonyeshwa tu. Anakuja na baiskeli, ndoo, pampu ndogo ya kupulizia, brashi za aina aina na mkasi wa kucha, mbwa mdogo elfu tano mkubwa elfu kumi, maji unatoa wewe. Mimi nina dume chotara la jemani shepadi, manyoya kibao, nimeshamuita dogo mara kadhaa so naongea kitu ninachokijua.

Cha kwanza kabla hajamgusa mbwa anaomba kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na kama huna anapanda baiskeli yake anaondoka. Hapo tu alishanikamata.

Halafu kazi yenyewe tamu ni kabla ya maji. Anamlaza mbwa chini ya mwembe anaanza kumpapasa taratibu, anafunua masikio, anapita chini ya mkanda wa shingo, kwapani, katikati ya vidole, mpaka chini ya mkia kule ambako wengi hatufiki. Mara ya mwisho mbwa alikuwa anachechemea na wanangu wanaapa ni mwiba, dogo akatenganisha vidole vya mguu wa nyuma akakuta kupe jike la kijivu limevimba kama punje ya maharage. Akalibana na kibanio karibu kabisa na ngozi, akavuta moja kwa moja bila kuzungusha, akalitumbukiza kwenye kikopo cha spiriti. Nikamuuliza mbona watu wanapaka mafuta ya taa au wanachoma na kiberiti, akacheka, "Mama, ukimchoma anaweza kutapikia humo humo ndani ya mbwa." Na kweli, mate na matapishi ya kupe ndo yanabeba vijidudu. Mbwa akishapata homa ya kupe utamuona hali chakula, amepoa, fizi zimepauka, wengine hadi pua inatoa damu, na hapo usimuite muosha mbwa jamani, muite daktari wa mifugo apime damu.

Akimaliza mbwa anahamia kwenye banda, maana yule kupe wa kahawia wa mbwa anataga kwenye nyufa za ukuta na mbao, mayai maelfu kwa jike moja, sasa wewe osha mbwa mpaka ang'ae, banda ukiliacha baada ya muda wanarudi wote. Na vumbi la uani alisema tunyunyizie maji tufagie kwa sababu ya funza, mbwa anao miguuni watoto nao wanao, ni wale wale.

Kitu kingine nilichopenda, mume wangu alitaka mbwa anyolewe kipara eti joto la Kigoma, dogo akakataa. Alisema manyoya ya juu yanamkinga na jua, kinachomchemsha ni yale manyoya laini ya chini yaliyokufa, akayatoa kwa brashi yakajaa mfuko wa rambo. Kucha nyeusi hakati kwa pupa, anapunguza kidogo kidogo maana ndani kuna mshipa wa damu na huuoni.

Sasa lawama. Marashi anachaji elfu mbili juu, harufu kali hatari, mbwa anajibiringisha kwenye mchanga kuitoa, achaneni nayo. Vifaa asipokumbushwa hafuti na spiriti akitoka kwa mbwa mwingine, na ukurutu unahama kirahisi sana hivyo, kwa hiyo simamia hapo hapo usione aibu. Shampuu yake ya mbwa iko poa, walau haleti sabuni ya unga, ile inakausha ngozi mbwa anabaki kujikuna. Masikio pia anayafuta vizuri yakauke, tofauti na wale wanaoswaga mbwa ziwani Kibirizi wanarudi nao maji yamejaa masikioni, wiki ijayo mbwa anatikisa kichwa na sikio linanuka.

Dawa ya kupe nunua mwenyewe ikiwa na lebo yake. Kuna duka moja lilinimiminia dawa ya josho la ng'ombe kwenye chupa ya soda, haina jina haina kipimo, nikairudisha. Amitrazi, moja ya dawa za kuua kupe, ikizidi kipimo mbwa analegea, anatapika, mapigo ya moyo yanashuka, na kama una paka ndani ndo usijaribu kabisa.

Mkimuita mwambieni aje asubuhi, mchana mbwa anakuwa mkali na yeye ana haraka ya kuwahi wateja wa Ujiji, hapo kwenye vidole anapitia juu juu.